Nyutrino zinapenya dunia nzima, sasa kwenye nyota ya nyutroni zinanasaje?

Kijana mmoja wa Moshi, kamaliza form six PCM, kaniandikia hivi: "Shikamoo mwalimu. Nimesoma kwamba nyutrino zinapita dunia nzima kama vile haipo. Halafu sehemu nyingine nikasoma nyota ya nyutroni ikizaliwa nyutrino zinanasa humo ndani. Ipi ni kweli? Kinachozinasa ni nini, zikishanaswa zinatokaje, na nani alishaona?"

Marahaba mdogo wangu. (Kwa msomaji mgeni: nyutrino ni chembe ndogo mno, na nyota ya nyutroni ni kiini kinachobaki nyota kubwa ikishaporomoka, karibu chote ni nyutroni tupu.) Zote mbili ni kweli, na nikwambie mapema kabisa kwamba jibu utakalopewa na wengi, eti "ni kwa sababu ile nyota imeshonana sana", ni nusu ya jibu. Mimi mwenyewe nimelifundisha hivyo hivyo miaka mingi tu hapa Arusha mpaka siku moja binti wa form five akanyoosha mkono akaniuliza, mwalimu, kama ni kushonana tu, mbona nyota ikipoa inazidi kujikunja na kushonana, halafu umesema nyutrino zinaanza kupita bila shida? Nikamwambia hilo tutaliongea kesho. Usiku ule sikulala, nilikuwa na vitabu na kalkuleta mpaka majogoo haha. Kwa hiyo hili jibu ni deni la yule binti pia.

Tuanze na huko kupita kwa nyutrino kama zimwi. Haina chaji, kwa hiyo umeme na sumaku haviihusu kabisa, na ile nguvu kali inayofunga kiini cha atomu nayo haiigusi. Ukiacha graviti imebakiwa na nguvu dhaifu tu, na hii inafanya kazi kwa umbali mdogo hata kuliko upana wa protoni, mdogo karibu mara elfu. Sisi watu wa fizikia tunapima uwezekano wa kugongana kama vile tunapima ukubwa wa shabaha: nyutroni moja, ikitazamwa na nyutrino yenye nishati ya MeV 1 (MeV ni kipimo cha nishati cha vitu vidogo kama hivi), ni kama kiduara chenye eneo la karibu 10⁻⁴⁴ za sentimita ya mraba. Yaani sifuri, nukta, sifuri nyingine 43, ndo inakuja 1. Ndo maana Jua linatupiga na nyutrino kama bilioni 65 kwa kila sentimita ya mraba kila sekunde, usiku zinakuja kutokea chini ya kitanda baada ya kupenya dunia nzima, na hakuna anayeamka. Ukitaka kuzuia nyutrino ya aina hiyo kwa ukuta wa risasi, hii metali nzito, unahitaji ukuta mnene wa mwaka wa mwanga mmoja na zaidi.

Sasa hapa ndo watu wanapopitiwa: hiyo shabaha haina saizi moja. Inakua kwa kipeo cha pili cha nishati ya nyutrino. Nishati ikipanda mara 10 shabaha inakuwa kubwa mara 100, ikipanda mara 100 inakuwa kubwa mara 10,000. Chukua soko la Kilombero asubuhi limefurika. Mtoto mdogo akitumwa upande wa pili anapenya katikati ya watu na mafurushi, mara moja katokea kule, hakuna anayemjua hakuna anayemsimamisha. Halafu mpitishe diwani anayetaka kugombea tena. Soko ni lile lile na watu ni wale wale, ila yeye kila hatua mbili anasimama, huyu anamsalimia, huyu ana malalamiko ya mtaro, huyu anadai alichoahidiwa, na saa sita inamkuta bado yuko kwenye vitunguu. Nyutrino ya nishati ndogo ndo yule mtoto. Nyutrino ya nishati kubwa ni diwani.

Twende kwenye nyota yenyewe sasa. Nyota ya nyutroni ya kawaida ina uzito kama Jua moja na nusu kasoro kidogo (1.4 hivi), na yote imeingia kwenye tufe ambalo kutoka katikati mpaka juu ni kama kilomita 12, yaani kama kutoka hapa Mnara wa Saa ukafika Tengeru basi umemaliza. Sentimita moja ya ujazo humo ndani, ikiwa na msongamano sawa na wa kiini cha atomu, ni tani milioni 270, na katikati kabisa inazidi hapo. Nilikadiria haraka haraka nikapata kwamba Mlima Kilimanjaro wote, na mawe yake na barafu yake, ungeingia kwenye ndoo mbili tatu za lita 20. Wewe wa Moshi utakuwa umeelewa naongelea nini.

Sasa hesabu, na hii uifanye mwenyewe usiniamini mimi. Umbali ambao nyutrino inasafiri kabla ya kugonga kitu ni 1 ukigawanya kwa idadi ya shabaha mara ukubwa wa shabaha. Idadi: kila sentimita ya ujazo ina nyutroni na protoni kama 1.6 × 10³⁸. Weka nyutrino ya MeV 1, unapata karibu sentimita 600,000, yaani kilomita 6. Subiri hapo kidogo. Kilomita 6 ndani ya nyota ya kilomita 12! Kwenye kitu kilichoshonana kuliko chochote ulimwenguni ukitoa mashimo meusi, nyutrino ya MeV 1 inagonga mara moja au mbili imetoka. Huo si mtego, hilo ni tuta la barabarani. Panda mpaka MeV 10, unapata mita 60. Panda mpaka MeV 100, sentimita 60. Kwa hiyo swali lako linageuka, siyo tena "nyota imeshonana kiasi gani" bali "nyutrino za humo zina nishati gani", na hilo ni swali la joto.

Nyota ya nyutroni ikizaliwa ina joto la kutisha. Ni kiini cha nyota kubwa kilichoporomoka chini ya sekunde moja, na nishati yote ya kuporomoka imegeuka joto, kwa hiyo ndani unakuta MeV 30 mpaka 50. Kwa vipimo vya kawaida MeV 30 ni kama nyuzi bilioni 350, katikati ya Jua ni milioni 15 tu. Nyutrino zikiwa kwenye joto hilo zinakuwa na nishati ya wastani kama mara tatu yake, hivyo MeV 100, na zile nyutrino za elektroni (aina mojawapo ya nyutrino) zilizobanwa katikati zinafika MeV 150 mpaka 200. Hao wote ni madiwani. Piga hesabu tena uweke na msongamano wa katikati ambao ni mkubwa zaidi, unaangukia kwenye sentimita kumi hivi kati ya mgongano na mgongano. Hapo nyutrino imenasa kweli kweli.

Ila hesabu yangu hiyo ni ya mkulima, nimeacha kitu kikubwa na nikikiacha moja kwa moja nitakuwa nakudanganya. Kitu chenyewe ni siti.

Umeshapanda haisi ya hapa mjini matrafiki wakiwa wamekaza, level siti, hakuna kusimama. Gari imejaa, kila mtu kakaa. Konda hawezi kumwambia mama wa siti ya pili asogee, asogee wapi? Anayeweza kuhama ni yule aliye karibu na mlango, kwa sababu pale nje tu ndo kuna nafasi. Nyutroni ziko hivyo hivyo. Kanuni ya mwanafizikia Pauli inakataza nyutroni mbili zinazozunguka upande mmoja kukaa hali moja, kwa hiyo zinajipanga kuanzia siti za chini za nishati kwenda juu mpaka kama MeV 60, zote zimejaa. Nyutrino ikija kugonga nyutroni ya chini, ile nyutroni lazima ipokee teke na kuhamia hali nyingine, na hali za karibu zote zina watu. Mgongano unakataliwa. Siyo kwamba ni mgumu, haupo kabisa, kama vile nyutrino imepita kwenye kivuli. (Pauli huyu huyu ndo aliyebuni wazo la nyutrino mwaka 1930, akajilaumu kwamba kabuni kitu kisichoweza kuonekana, na ilichukua mpaka 1956 Reines na Cowan kuzithibitisha, kwa hiyo mtu mmoja ametupa mpita njia na sheria ya siti zake.)

Umeona joto linarudi tena hapa? Kwenye nyota iliyopoa mpaka MeV 0.1, wanaoweza kuhama ni wale wa ukingoni tu, tabaka jembamba mno, wengine milioni na milioni wamegandishwa kwenye siti. Kwenye nyota changa yenye MeV 30 au 50 gari zima linatikisika, watu wanainuka wanakaa, siti zinafunguka kila mahali, kwa hiyo migongano inaruhusiwa. Joto linafanya kazi mbili kwa mpigo: linaipa nyutrino nishati ya kuonekana na linafungua siti za kupokea teke. Ondoa joto na zote mbili zinaondoka. Hilo ndo jibu nililopaswa kumpa yule binti.

Na hizo nyutrino zinagongana vipi hasa? Njia kuu mbili. Ya kwanza inagonga nyutroni na kubadili mwelekeo, inabaki nyutrino. Ya pili ni nyutrino ya elektroni inamezwa na nyutroni, nyutroni inakuwa protoni na elektroni inazaliwa, na hiyo elektroni nayo inahitaji siti kwenye gari la elektroni ambalo pia limejaa. Zipo njia nyingine, kugonga elektroni, kuzaliwa jozi jozi, nyutroni mbili zikipishana na kutema jozi ya nyutrino, lakini kwa swali lako hizo mbili zinatosha.

Kuna hatua nimeiruka, na ni nzuri. Nyutrino zinaanza kunasa kabla hata nyota ya nyutroni haijakamilika, wakati kiini cha nyota kinaporomoka na msongamano uko kwenye gramu trilioni moja kwa sentimita ya ujazo, ambao haufiki hata sehemu moja ya mia ya ule wa mwisho. Mbona mapema hivyo? Kwa sababu wakati huo mada bado iko kwenye viini vizito vya atomu, na nyutrino ya nishati ya kadiri haioni nyutroni moja moja ndani ya kiini, inaona kiini kizima kama kitu kimoja. Zikiitikia kwa pamoja shabaha haikui kwa idadi, inakua kwa idadi mara idadi. Kiini chenye nyutroni 40 kinakuwa shabaha kama mara 1,600 ya nyutroni moja badala ya mara 40. Protoni karibu hazichangii, kwa hii njia nyutrino inaziona kwa shida sana. Mmarekani Freedman aliliandika hilo mwaka 1974 na watu wakakaa miaka 43 bila kuliona maabara, mpaka 2017 pale maabara ya Oak Ridge, Marekani, walipolinasa kwa fuwele ya kilo 14.6 tu. Nazipenda hizo kilo 14.6. Watu walikuwa wanatumia matanki ya maelfu ya tani, hawa wamekuja na kitu unachoweza kukibeba begani.

Haya, zimenasa, zinatokaje. Zinatoka kama mlevi wa mbege anavyotoka kilabuni usiku. Hatua moja huku, anagonga ukuta, anageuka, hatua moja kule. Atafika nyumbani? Atafika, ila siyo kwa mstari. Kwa mwendo wa hivyo ukitaka kufika umbali wa hatua N unahitaji hatua N mara N. Kilomita 10 kwa hatua za sentimita 10 ni hatua 100,000 kama unanyoosha, kwa hiyo nyutrino inahitaji hatua bilioni 10. Jumla ni kilomita milioni moja, kama mara mbili na nusu ya kwenda mwezini, kuzunguka ndani ya kitu kinachoishia Tengeru. Kwa spidi ya karibu na ya mwanga hizo ni sekunde tatu na kidogo. Ukihesabu vizuri na kupoa na kujikunja, unapata sekunde kumi na kitu. Bila mtego zingetoka kwa sehemu ndogo ya elfu moja ya sekunde.

Njiani pia zinachenjiwa. Ile ya MeV 150 iliyoanzia katikati haitoki na MeV 150, ni kama noti ya elfu kumi iliyopita kwenye maduka mengi, inayofika nje ni chenji ndogo ndogo, nyutrino nyingi zaidi zenye MeV 10 mpaka 15 hivi kwa wastani. Zinaagana na nyota mahali ambapo mada imekuwa nyembamba kiasi kwamba mgongano uliopita ndo ulikuwa wa mwisho. Na zinabeba karibu asilimia 99 ya nishati yote ya mlipuko wa ile nyota kubwa (supanova), kama jouli 3 × 10⁴⁶, zaidi ya mara 200 ya nishati ambayo Jua litatoa kwa miaka bilioni 10. Ule mwanga wote wa supanova unaoandikwa magazetini ni mabaki ya mezani.

Baada ya dakika moja hivi mtego umekwisha. Joto limeshuka, nyutrino zinazozaliwa ndani zina nishati ndogo, siti zimefungwa, na nyota sasa ni kioo kwa nyutrino. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema nyota ya nyutroni imejaa nyutrino, mwambie hiyo ni ya mtoto mchanga, ya mtu mzima haina. Inazizalisha na zinaondoka hapo hapo, na kila moja inatoka na kipande cha joto. Kwa karibu miaka 100,000 ya mwanzo nyota inapozwa hasa na huo wizi wa ndani kuliko na mwanga wa juu.

Wizi wenyewe unaitwa Urca na jina lina stori. Mwanafizikia George Gamow na Mbrazili Mário Schenberg walifikiria hili wakiwa Rio de Janeiro, ambako kulikuwa na kasino ya Urca, na mmoja wao akasema nishati inapotea kwenye nyota kwa haraka kama hela zinavyopotea kwenye meza ile. Mwaka 1941 wakachapisha kwa jina hilo. Nyutroni inakuwa protoni na elektroni na kutema antinyutrino (pacha kinyume wa nyutrino), kisha protoni inameza elektroni inarudi kuwa nyutroni na kutema nyutrino. Umerudi ulipoanza, ila mfuko mwepesi. Kwa njia ya moja kwa moja unahitaji protoni zifike kama asilimia 11, kwa sababu momenta (uzito mara spidi ya kila chembe, zichore kama fimbo) lazima zifunge pembetatu, na protoni zikiwa chache fimbo zao ni fupi, hazifiki kuunganisha ncha mbili za fimbo ya nyutroni. Zisipofika, jirani mmoja lazima aje kushikilia, na mambo yanakwenda polepole sana. Ndo maana kupima joto la nyota zinazopoa kunatueleza kilichomo katikati. Ile ya Cassiopeia A (mabaki ya supanova moja), yenye miaka kama 340, inapimwa kwa darubini ya Chandra, na mwaka 2010 watafiti walisema imepoa asilimia 4 ndani ya miaka kama kumi, baadaye wakaonekana wengine kusema ni kidogo kuliko hapo maana kifaa chenyewe kinachakaa. Mabishano hayo nayafurahia kuliko ligi kuu.

Nani ameona. Tarehe 23 Februari 1987, ilionekana nyota imelipuka kwenye Wingu Kubwa la Magellan, jirani wa galaksi yetu, umbali wa miaka ya mwanga kama 168,000 (ukiwa sehemu yenye giza, mwezi wa kwanza usiku angalia kusini chini chini utaliona, ni kama moshi). Saa chache kabla mwanga haujafika, tanki la maji la Kamiokande kule Japani likashika nyutrino 11, IMB ya Marekani 8, Baksan kwa Warusi 5. Jumla 24. Na zile za Japani hazikuja kwa sekunde moja, zilitandazwa kwenye sekunde kama 12. Hizo sekunde 12 ndo mlevi wako wa mbege, mdogo wangu. Zingekuwa hazijanasa zingekuja kwa pamoja kama kofi moja. Mwaka 2024 darubini ya James Webb ikapata dalili nzuri kwamba nyota ya nyutroni kweli imebaki pale katikati.

Kwa saa za hapa kwetu ilikuwa Jumatatu, saa nne na dakika 35 asubuhi. Kama mama yako alikuwa amezaliwa muulize alikuwa wapi saa hiyo, shambani au sokoni au darasani. Kwenye kila sentimita ya mraba ya mwili wake zilipita zaidi ya bilioni 10, zimetoka kuhangaika sekunde kumi na mbili kwenye kilomita chache za nyutroni halafu zikasafiri miaka 168,000 bila kugusa chochote, na karibu na uhakika hata moja haikusimama kwake.